Alama za Mwalimu Peres

Wanaomkumbuka Mwalimu Peres Akumu husema alikuwa mkali. Wacha wee! Mkali nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyetembea na fimbo, na watoto wakiniona ng'ambo ya barabara walibadilisha njia. Peres hakuwahi kumzaba mtoto hata kofi. Alichokuwa nacho ni daftari, na watoto waliliheshimu daftari lile kuliko walivyoiogopa fimbo yangu.

Mimi ni Joash Were. Nilifundisha miaka thelathini na miwili, na sina haja ya kujisifu wala kujikosha. Nasimulia habari za Peres kwa sababu nimesikia zikisimuliwa vibaya, hata kanisani, na watu ambao mwaka ule wa hamsini na sita walikuwa bado wananyonya. Jambo likisimuliwa vibaya linaniudhi.

Kwao Peres ni Alego, mbali kule upande wa ziwa. Alisomea ualimu kwa wamisionari, kisha akaja Nairobi kumfuata mumewe, aliyekuwa akifanya kazi reli. Kanisa likampa darasa la nne katika shule ya mabati kule Kawangware. Mimi nilifundisha shule nyingine ya kanisa hilohilo, ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wanafunzi wetu walikuwa watoto wa wapishi, mayaya na watunza bustani wa nyumba za Wazungu, wengine kutoka Kilimani, wengine hata Kitisuru. Walifika asubuhi miguu imelowa umande hadi magotini, na wengi walikuwa hawajatia kitu tumboni.

Shule ya Peres ilikuwa na uhaba wa kila kitu. Madaftari ya watoto yalitolewa mawili kwa mwaka, na hayo yalikuwa ya insha na imla. Hesabu walifanyia vibaoni, vile vibao vyeusi vya jiwe vyenye fremu ya mbao, unaandika kwa kalamu ya jiwe na kufuta kwa kitambaa. Navyo vilikuwa ishirini tu, na watoto arobaini. Kibao kimoja, watoto wawili.

Mwalimu mwingine angenung'unika. Peres akatengeneza utaratibu wake. Aliandika hesabu ubaoni, mtoto wa kwanza akaifanya, naye akapita kati ya madawati na daftari lake mkononi. Akifika kwako alisoma jibu. Likiwa sawa, aliitikia kwa kichwa mara moja, akaandika alama daftarini, akaendelea na mwingine, bila neno. Likiwa na kosa, alisimama palepale kama mtu anayengojea basi, hadi ulione kosa lako mwenyewe. Na ukishaitikiwa kwa kichwa, ufute upesi, maana mwenzako anangoja kibao. Ukikawia, mwenzako alikukanyaga mguu chini ya dawati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku, mwaka mzima. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake katika lile daftari. Ungemuuliza Peres habari za mtoto yeyote, angekuambia wiki gani aliteleza kwenye kugawanya, wiki gani alikuwa na malaria, na lini alipata nafuu. Nakiri sikuwahi kuona mwalimu anayewajua watoto wake namna ile, na jambo hilo lilinikera.

Lilinikera kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa mtihani. Jumamosi walimu wa kanisa tulikuwa na mkutano, na baada ya mkutano mimi na Peres tulibishana hadi watu wakatuacha na viti vyetu.

"Mwalimu Joash," aliniambia siku moja, "mtihani unampima mtoto siku moja. Je, siku hiyo akiwa na homa? Akiwa amelala njaa? Mimi nimempima siku mia mbili. Nani anamjua zaidi?"

"Wewe unamjua, sawa," nikamwambia. "Lakini mimi nitajuaje kuwa humpendelei? Mwalimu wangu kule Marama alinichukia kufa. Kila wiki alinipa alama za mwisho, ati kwa sababu babangu alimnyima ng'ombe. Mtihani ulipokuja, karatasi ilisahihishwa na mtu asiyenijua kwa sura wala kwa baba. Nikawa wa pili wilaya nzima. Ningengojea daftari la mwalimu yule, leo ningekuwa nachunga mbuzi."

"Sasa mimi ni mwalimu yule?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umezunguka tu." Akacheka. Peres alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na hakuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Sasa nije kwa Kasyoka. Kasyoka alikuwa mtoto wa Syokimau, yaya katika nyumba moja ya Kilimani, Mkamba wa Kitui, mjane. Mama na mtoto waliishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya memsahibu wake. Kasyoka alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mpole, na kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Katika ukurasa wake wa daftari la Peres, tangu Januari hadi Oktoba, alikosa hesabu sita. Sita! Mimi mwenyewe nikifanya hesabu za mwaka mzima sidhani ningekosa sita tu.

Memsahibu alikuwa ametoa amri yake. Mtoto wa umri ule hakai kotaz, yaani vyumba vya watumishi, bila shughuli. Akifaulu mtihani wa darasa la nne, aende shule ya bweni ya wasichana, darasa la tano, na nafasi huko zilitolewa kwa alama za mtihani peke yake. Asipofaulu, jirani wa memsahibu alikuwa anatafuta msichana wa kumlea mtoto mchanga, na Kasyoka angeanza kazi mara moja. Kurudi Kitui hakungewezekana, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpokea. Syokimau alimweleza Peres haya yote akiwa amesimama mlangoni mwa darasa na aproni yake nyeupe, maana aliruhusiwa dakika ishirini tu.

"Mwalimu, wewe niambie tu ukweli," alisema. "Atapita?"

"Mama Kasyoka," Peres akamjibu, "huyu asipopita, nitavua viatu nirudi Alego kwa miguu."

Mtihani ulifanyika Novemba katika ukumbi mmoja katikati ya mji. Shule saba zilikusanywa. Ilikuwa bado Hali ya Hatari, askari kila njia panda, kwa hiyo kila mwalimu alisindikiza watoto wake hadi mlangoni akiwa na barua yenye muhuri. Peres alitoka na wake Kawangware alfajiri, wakapita Kilimani, wakateremka na Upper Hill, viatu mkononi kwa wale waliokuwa navyo, wakavivaa walipofika lami ya mjini. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia na darasa lake. Wasimamizi tulikuwa walimu wa shule nyingine, na siku ile safu za watoto wa Peres zilikuwa zangu.

Kabla ya kuanza tulitia sahihi karatasi ya masharti. Msimamizi asiongee na mtahiniwa. Asisome kazi yake. Asimpe ishara ya namna yoyote. Atakayevunja sharti atafutwa kazi. Mimi sharti hilo nililipenda, kwa sababu ndilo lililofanya mtihani uwe mtihani. Nilitia sahihi kwa moyo mkunjufu.

Kila mtoto alipewa penseli, raba, na karatasi moja yenye hesabu kumi na nafasi ya kuzifanyia. Kazi yangu ilikuwa kupita na orodha na kuandika namba ya kila mtahiniwa. Nikapita. Wengi walikuwa wameinama, wengine wametoa ulimi nje kwa bidii. Nilipofika kwa Kasyoka, alikuwa amemaliza. Muda wa mtihani ulikuwa haujafika nusu, naye amemaliza, mikono juu ya mapaja.

Sikupaswa kuangalia. Niliangalia. Nilikuwa nimesikia habari za mtoto huyu kila Jumamosi hadi masikio yakachoka, na nilitaka kumkamata na kosa moja, angalau moja, nikamtanie Peres nalo. Nikasoma ya kwanza hadi ya kumi. Zote sawa. Hata ile ya tisa, ya mapipa ya maji, ambayo mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Na mimi, bila kujua ninachofanya, nikaitikia kwa kichwa. Mara moja tu, jinsi mtu anavyoitikia akiona kazi nzuri. Kisha nikaandika namba yake kwenye orodha, nikaenda kwa mwingine.

Nilipofika mwisho wa safu na kugeuka, nikamwona anafuta. Nikadhani anarekebisha mwandiko. Nikajiambia, aka, mtoto huyu, atachafua karatasi bure. Kusema naye nisingeweza, sharti lilikataza. Alifuta taratibu, kwa uangalifu, juu hadi chini, akapuliza vumbi la raba, akakunja mikono. Kengele ilipolia, karatasi zikakusanywa, naye akatoka nje akitabasamu. Mlangoni nikamsikia akimwambia Peres, "Mwalimu, nimeitikiwa."

Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini kengele haikulia kichwani mwangu. Nilielewa siku kumi na mbili baadaye, matokeo yalipobandikwa, na Kasyoka ana sifuri ya hesabu.

Peres alikuja hadi shuleni kwangu siku hiyohiyo, amefunga kitambaa kichwani upande upande, anahema. Alikuwa ameshamuuliza mtoto, na mtoto alikuwa amemweleza kila kitu bila kuficha, maana hakujua kuwa kuna la kuficha. Kwa maneno yake mwenyewe: mwalimu alisoma, mwalimu akaitikia, mwalimu akaandika kitabuni, basi nikafuta.

"Ni wewe, Joash?" akaniuliza. Hata lile neno "Mwalimu" aliliacha.

Nikamwambia nilipita kwenye safu ile, ndiyo. Nikamwambia labda nilitingisha kichwa kwa uchovu. Kuhusu kusoma karatasi, sikumjibu.

Alikaa chini kwenye kizingiti cha darasa langu, mwanamke mzima, mbele ya wanafunzi. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufuta," alisema. "Mwaka mzima nimemfundisha kufuta." Nikamwambia asijilaumu. Alikuwa na haki ya kujilaumu kidogo, na mimi zaidi, lakini hilo nalo sikulisema.

Akaandika barua ofisi ya elimu. Sijui aliandika nini, ila baada ya wiki moja tuliitwa wote mjini, yeye kama mwalimu na mimi kama msimamizi. Alikuja na Kasyoka, na Syokimau aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Hao wawili waliambiwa wangoje kwenye benchi la ukumbi wa nje. Sisi tukaingizwa na karani, kijana Mhindi aitwaye Kamlesh, mwenye adabu sana, aliyeiweka karatasi ya Kasyoka mezani kana kwamba ni kitu cha kuvunjika.

Ofisa alikuwa Mzungu wa makamo. Nimeshamsikia akisimuliwa kama shetani, na hakuwa shetani. Alisikiliza. Alitupa viti.

Peres akaweka daftari lake mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa Kasyoka. "Bwana, hizi ni alama zake za kila siku. Januari hadi Oktoba. Amekosa hesabu sita."

Ofisa akafunua kurasa, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Kazi kubwa," alisema. "Na hesabu zenyewe ziko wapi? Nionyeshe moja aliyoifanya."

"Zilifutwa, bwana. Walifanyia vibaoni."

"Zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo nilicho nacho hapa ni namba ulizoandika wewe mwenyewe, Bibi Peres. Sisemi ni za uongo. Lakini wilaya hii ina walimu mia moja na zaidi. Kila mmoja akiniletea daftari lake na mtoto wake, nitafanya nini?"

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kila Jumamosi. Niliyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Peres hakukata tamaa. Akamwomba aipeleke karatasi dirishani. Ofisa akasimama, akaiinamisha kwenye mwanga. Penseli ilikuwa imeacha mikwaruzo. Akasoma hapa saba, pale kitu kama nne. Akarudi akaketi.

"Kulikuwa na kazi hapa," akakubali. "Lakini sioni ilikuwa kazi gani. Labda zilikuwa sawa. Labda aliona zimemshinda akafuta. Kama kuna mtu aliyeziona kabla hazijafutwa, hilo lingekuwa jambo jingine. Ningempa mtihani mwingine kesho asubuhi, hapahapa ofisini kwangu." Akanigeukia. "Mwalimu Were. Wewe ulikuwa msimamizi. Ulisoma majibu ya mtoto huyu?"

Karatasi ya masharti ilikuwa mbele yake, na sahihi yangu chini. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Nilikuwa nimeahidiwa ualimu mkuu mwezi Januari. Ningeweza kusema hivi na vile, lakini ukweli ni mfupi: niliogopa.

"Hapana, bwana," nikasema. "Sikusoma. Sharti halituruhusu."

Peres alinitazama. Hakuwa na hakika, niliona. Alitaka kuniamini, maana kutoniamini kulikuwa kubaya zaidi. Ofisa akaandika mstari mmoja kwenye faili, akalifunga, akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Peres akachukua daftari lake, akabaki nyuma kidogo akimwomba Kamlesh amrudishie nakala ya barua yake, nami nikatoka kwanza.

Kasyoka aliruka kutoka kwenye benchi akaja kwangu mbio. Mama yake alimwita arudi, akamwambia usiwasumbue walimu, lakini mtoto alikuwa ameshafika.

"Mwalimu, hujambo? Wewe ndiye uliyesoma karatasi yangu."

Nikavaa kofia yangu.

"Nataka kujua tu," akasema. "Ile ya tisa, ya mapipa. Nilipata thelathini na sita. Ilikuwa sawa?"

Angalia basi. Ndani nilikuwa nimeulizwa na mtu mwenye faili na mamlaka, nikadanganya bila kupepesa macho. Hapa nimeulizwa na kitoto chenye gauni la kushonwa kwa pazia, na ulimi ukakataa kudanganya.

"Ilikuwa sawa," nikamwambia. "Zote kumi zilikuwa sawa."

Lo! Furaha aliyoipata! Akageuka, Peres ndiyo kwanza anatoka mlangoni, akampigia kelele ukumbi mzima ukasikia: "Mwalimu! Amesema zote kumi! Ameziona zote, ati zilikuwa sawa!"

Peres akasimama. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Kisha akaja hadi akawa karibu nami kabisa, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali ingekuwa na hasira.

"Rudi ndani, Joash. Mlango uko wazi. Ukaseme hivyo hivyo."

"Ofisa ameshatoka," nikasema. "Amekwenda kula."

Hakuwa ametoka. Tulikuwa tukimsikia, mimi na yeye, akimsomea Kamlesh barua ya kupiga chapa. Peres alingoja. Alisimama palepale mbele yangu jinsi alivyozoea kusimama kwenye dawati la mtoto mwenye kosa, akanipa muda, muda mwingi tu. Nikaangalia viatu vyangu.

"Haya, Mama Kasyoka," akasema mwishowe. "Twendeni, utachelewa kazini."

Wakashuka ngazi. Kasyoka alikuwa wa mwisho. Alipofika chini aligeuka, akanipungia mkono, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Asante, Mwalimu!" akaniita. "Nilijua tu zilikuwa sawa!"

Jumatatu alianza kazi kwa yule jirani, kumlea mtoto wa miezi saba.